Tumbo la Trela

Mke wangu ni mtu wa chini. Nalisema hilo kwa kifua mbele, na atakayecheka na acheke, ila asiniletee suruali yake kupunguza kiuno wiki hiyo. Kazi yake ni kulala chali chini ya malori na matrela na kuzitunza mbao za sakafu kwa upande ule ambao hakuna anayeutazama. Juu wanapanga mifuko ya saruji, mabomba na mashine, na kila anayepita barabarani anauona mzigo. Chini, ambako magurudumu yanarusha matope na kokoto kutwa nzima, yupo mke wangu, brashi mkononi na lami mpaka kwenye nyusi. Pale yadini wanamwita Mama Lami.

Mimi ni fundi cherehani. Mtaani kwetu watu walichukua muda kuuzoea mpango huo, mume amekaa kwenye kiti anashona magauni, mke anatoka asubuhi na ovaroli. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi na mke wangu tumebadilishana suruali. Nikamjibu kwamba suruali zote za nyumba hii nazishona mimi, kwa hiyo najua nani anavaa ipi, na kwamba ya kwake imefumuka nyuma tangu alipoingia mlangoni. Mke wangu alipopata habari alinigombeza. Yeye si mtu wa maneno. Maneno ya nyumba yetu nimeachiwa mimi.

Alianza kwa kuosha magari. Gari likishaoshwa, wenzake walikuwa wanakwenda kukaa kivulini, yeye anabaki ameinama akitazama matone. Akagundua kuwa juu ya trela panakauka nusu saa, lakini chini panadondoka mpaka kesho yake, na matope yaliyojibana pale ubao unapokalia chuma cha chesisi hayakauki wiki nzima. Ubao hauozi kwa kukanyagwa, aliniambia siku hizo, unaoza kwa kulala na maji. Basi akamwendea tajiri, yule mzee mwenye yadi na malori yake, mtu wa maneno ya kuhesabika, akamwomba trela moja tu la kujaribia. Tajiri akampa lile kuukuu kuliko yote, ambalo hata likifa hatalilia.

Akalipaka nusu. Upande wa kushoto akaukwangua, akaukausha, akaupaka lami; wa kulia akauacha kama ulivyo. Misimu miwili ya mvua ilipopita, mbao za kulia ungeweza kuzimega kwa kidole, na za kushoto ukizigonga zinajibu. Seremala wa yadi alitumwa aingie chini akaangalie. Alipotoka alikuwa na konzi ya unga wa ubao wa kulia, akaupeleka moja kwa moja kwa tajiri. Tangu hapo ni miaka kumi na miwili, na hakuna trela lililotoka pale bila mkono wa mke wangu kupita tumboni mwake.

Kazi yenyewe ukisimuliwa utaiona rahisi. Anakwangua matope kwa kipande cha bati na brashi ya waya. Anachoma kila ubao kwa bisibisi: ubao mzima unaikataa, uliooza unaimeza. Kisha anauacha ukauke. Lami anaiyeyusha kwenye debe juu ya jiko la mkaa, anaitia dizeli kidogo ili iingie ndani ya ubao na isibaki imekaa juu kama mgeni asiyekaribishwa. Anapaka mara mbili, na vichwa vya mbao, pale msumeno ulipopita, anapaka mara tatu, kwa sababu ubao unakunywa kwa kichwa. Na kabla ya mkono wa kwanza wa lami ana kipimo chake mwenyewe. Anainua kichwa pale chini alipolala na kuugusisha ubao shavu lake la kushoto. Ubao wenye maji ni wa baridi hata saa saba mchana. Kiganja hakifai, kimeshakuwa sugu, hakisikii kitu, lakini shavu halidanganyi. Mimi mwenyewe shavu hilo nalifahamu vizuri, lina doa jeusi karibu na sikio ambalo sabuni zote za dukani zimelishindwa.

Sasa mwaka huu, Jumanne moja saa nne asubuhi, dereva wa lori akaja dukani kuchukua suruali zake akiwa na habari. Huko kwenye ghala la mteja, mashine ya kunyanyulia mizigo ilipanda juu ya trela letu, gurudumu la mbele likatoboa sakafu na kuzama. Aliyekuwa anaiendesha amepoteza meno mawili na kuchanika kidevu, na ni bahati hakufa. Trela limesharudishwa yadini, na tajiri anawaka. Sikungoja amalize. Nilifunga duka na kutoka mbio, futi ya kupimia watu ingali inaning'inia shingoni, na njia nzima nilikuwa napanga nitakavyomjibu yeyote atakayelitaja jina la mke wangu vibaya.

Nilipofika nikakuta kumbe wanamsifu.

Shimo lilikuwa kwenye mbao ambazo seremala alizibadilisha mwaka juzi. Kwa juu zilionekana safi. Kwa chini lami ya mke wangu ilikuwa imetulia, haina ufa, nyororo kabisa. Ila katikati, kati ya juu na chini, ubao ulikuwa umeoza. Msimamizi wa yadi, kijana anayependa kusimama mikono kiunoni, alikuwa ameshatoa hukumu: lami ni nzima, kwa hiyo maji hayakuingia kwa chini, kwa hiyo seremala aliweka ubao uliokwisha kuoza tangu siku ya kwanza, akala ile tofauti ya bei. Seremala anaapa kwamba ubao ulikuwa mpya, ameupasua mwenyewe, hakuna anayemsikiliza. Tajiri alikuwa ameshamwambia akusanye misumeno yake.

Nitasema kweli, nilifurahi. Sikumfurahia seremala kufukuzwa, ana watoto watano, ingawa ni yeye aliyeanzisha ule utani wa kuniita Baba Lami. Nilifurahi kwamba mke wangu ametoka salama, na kwamba watu wazima wamekusanyika kuisifia lami yake. Nilisimama pale nimejaa, utadhani niliipaka mimi.

Mke wangu hakuwa anacheka. Aliingia chini, akakaa huko, akatoka na kipande cha ubao kikubwa kama kandambili. Akakata ngozi ya lami kwa kisu, akabinya. Maji yakatoka. Siku hiyo mvua ilikuwa haijanyesha miezi miwili, na ubao ule unatoa maji. Akamuuliza seremala ni wiki gani aliyoziweka zile mbao. Seremala akasema ni wiki ile ya mvua kubwa, ukuta wa getini ulipoanguka. Mke wangu akageuka kulitazama jiko lake la mkaa, lile lililokaa pembeni mwa banda, akalitazama muda mrefu.

Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na moja. Nikajua kuna jambo, na nikajua analisogeza mdomoni. Nikamvuta mkono wa ovaroli. Ndiyo, nilimvuta, aibu hiyo ni yangu na nitazeeka nayo. Nilitaka anyamaze. Hakuna mtu mwingine pale yadini ambaye angeweza kujua, hata seremala mwenyewe asingejua.

Akautoa mkono wake mkononi mwangu taratibu, akamwambia tajiri, "Mzee, ubao huu ulikuwa mpya. Niliyeuua ni mimi."

Akaeleza kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama chumvi imekwisha. Wiki ile mvua iligoma kukatika, ikawa haiwezekani kuyeyusha lami nje. Akaliingiza jiko chini ya banda na kuliweka karibu na trela. Joto la mkaa likawa linapiga mbao zile tangu asubuhi. Alipoweka shavu, ubao ulikuwa wa vuguvugu, mkavu kama unavyotakiwa. Uso wake ulikuwa mkavu, moyo wake ulikuwa na maji. Akapaka lami kwa chini, na juu wakapaka oili chafu kama kawaida yao, na maji yakakosa mlango wa kutokea. Yakakaa humo mwaka na nusu yakiula ubao kwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameivisha yeye.

Nikawaza kwamba kosa hilo asingeweza kulifanya mtu wa kawaida wa kupaka rangi. Mpaka rangi angepaka ubao umelowa, lami ingebanduka mwezi ule ule, basi. Lilihitaji mtu anayeweka shavu, na anayeliamini shavu lake.

Msimamizi aliguna, akasema kwamba kumbe hata hii lami ni mzigo mtupu. Tajiri akamwonyesha mkono anyamaze, akamuuliza mke wangu kama amemaliza.

"Bado. Wiki ile nilipaka matrela matatu. Mawili yako barabarani. Yarudishwe leo, na mtu asipande juu yake."

Tajiri akakunja uso. Moja lilikuwa njiani kupakia mashine ya kiwanda, na wapakiaji sita wangesimama juu ya sakafu ile kuipokea. Mteja amengoja wiki mbili. Akamuuliza, "Una uhakika mbao zimeoza?"

"Sina. Nina uhakika kwamba nilikosea."

Tajiri akatoa simu, akasogea pembeni, akaongea na dereva wa kwanza, kisha wa pili. Aliporudi akamwambia seremala arudishe misumeno yake mahali pake. Mke wangu naye akaambiwa aende nyumbani akakae, ataitwa matrela yakishaonwa. Hakusema ataitwa kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya kuagwa.

Siku mbili zile nyumba yetu ilifagiliwa mpaka sakafu ikaomba msamaha. Mimi nilinuna. Usiniulize kwa nini, hasira zangu zinafika kabla ya akili. Nilimwambia kwamba miaka kumi na miwili ya jina zuri ameitupa kwa dakika mbili, na kwamba mdomo uliofungwa hauingii nzi. Akaniuliza kama ningeweza kulala yule seremala akiwa amefukuzwa na wale sita wakiwa juu ya trela. Nikasema ningejaribu. Aliyenijibu ni mama yangu mzazi, tunayekaa naye, ambaye mwanzoni hakuitaka kabisa kazi ya mkwewe, alikuwa anaona aibu kuulizwa na majirani. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Miaka yote unatuchosha na sifa za mkeo. Leo kafanya la kusifiwa, umenuna."

Nikaenda zangu dukani. Mtu anayeishi kwa maneno akikosa neno, hata cherehani inamkataa, na mchana ule nilikata uzi mara kumi.

Siku ya tatu simu ikaja. Trela la kwanza lilikuwa zima. Kwenye lile la mashine ya kiwanda, bisibisi ilizama mpaka mpini kwenye mbao nne, na mbao hizo ndizo ambazo wapakiaji wangesimama juu yake. Mke wangu aliposikia alikaa chini mlangoni, akasema alhamdulillahi, halafu akainuka kutafuta ovaroli yake. Tajiri alikuwa amesema aje azitengeneze pamoja na seremala, nje, juani, jiko liwe mbali. Kuhusu mengine, wataongea akimaliza.

Nikafunga duka nikaenda naye. Kukwangua lami ya mwaka na nusu si kazi ya mtu mmoja, na isitoshe nilikuwa na deni la ule mkono wa ovaroli niliouvuta. Akanitandikia kipande cha boksi, akaniambia niangalie kichwa, nikajisukuma kuingia chini ya trela kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Fundi mwenzangu akinionyesha gauni aliloshona, silitazami kwa nje. Nje kila mtu anajitahidi. Naligeuza, naangalia mishono ya ndani, pale alipojua kwamba mteja hatachungulia. Sasa pale chini nilikuwa ndani ya gauni. Nikaona mbao za zamani ambazo mke wangu alizipaka kabla ya wiki ile mbaya na baada yake, safu kwa safu. Kila kiungo kimejazwa. Kila kichwa cha skrubu kimefunikwa. Pale ubao unapokutana na chuma, mahali ambapo mkono wa mtu hauingii ila kwa kujipinda, lami imefika na imelainishwa. Vichwa vya mbao vimepakwa mara tatu, nilivihesabu kwa unene. Hakuna mteja atakayelala hapa. Hakuna askari wa barabarani atakayelala hapa. Miaka kumi na miwili nilikuwa najivunia kitu ambacho sijawahi kukiona, na kumbe nilikuwa najivunia kidogo mno. Machozi yakanitoka. Aliponiuliza nina nini nikamwambia lami imeniingia machoni, naye akasema lami bado haijayeyushwa.

Mbao mpya ziliwekwa. Seremala alizikata yeye, akampa mke wangu kila moja aiguse kwanza. Halafu tukangoja jua lifanye kazi yake. Shavu peke yake hakuliamini tena. Alitafuta njia nyingine: anapigilia msumari mrefu ndani ya ubao, anauacha saa kadhaa, anauchomoa, anaufuta kwa kitambaa cheupe cha vipande vyangu vya dukani. Kitambaa kikipata doa la unyevu, moyo wa ubao una maji, hata uso ukiwa mkavu namna gani. Shimo analiziba kwa njiti na lami baadaye.

Siku ya nne ya kungoja jua, mteja alichoka. Dereva alikuwa ameshapanda kwenye kiti chake. Msimamizi alikuja mara tatu, na kila mara mikono ilikuwa kiunoni, tulijua kwa kivuli chake. Tulikuwa tumelala chini, sisi wawili, misumari ikiwa kwenye kopo katikati yetu, tulipoona viatu vya kahawia vikija. Pale chini humwoni mtu, unaona viatu. Vikasimama karibu na vichwa vyetu. Ni vya tajiri.

"Mama, mteja yuko kwenye simu hapa. Mkipaka leo, gari linaondoka kesho. Tupake?"

Mtu yule ndiye aliyekuwa ameishika kazi ya mke wangu mdomoni, na hayo mazungumzo yao bado hayajafanyika. Neno moja la kumfurahisha lingetosha. Safari hii sikumgusa mkono. Alichomoa msumari wa ubao wa tatu, akaufuta, akanisogezea kitambaa nione. Palikuwa na doa, dogo, kama tone la machozi ya mtoto.

"Bado, mzee."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ubao ukikauka nitakuambia."

Kiatu kimoja kikasogea kidogo kwenye vumbi. Pale yadini mafundi walikuwa wanajulikana: fundi seremala, fundi wa kuchomelea, fundi umeme. Miaka yote hiyo mke wangu alikuwa Mama Lami tu. Tukamsikia tajiri akiweka simu sikioni.

"Gari halitoki kesho," akasema. "Hapana, hata mimi siwezi kuliruhusu. Fundi amesema bado."

Viatu vikageuka, vikaenda zake ofisini. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatazama ubao, mdomo umebana, doa lile jeusi limelowa. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, akaniambia nimpe msumari mwingine.